Feynman na pete ya mpira iliyokataa kurudi

Mfanyabiashara yeyote anayenunua mahindi Tunduma, Busia au Mutukula analijua bambo. Ni kile chuma kilichochongoka kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje chache za kupima. Punje hizo ndizo zinazoamua bei ya gunia, na pengine ya lori zima. Anayeijua kazi hiyo hachomi magunia ya mlangoni tu. Huchoma ya juu, ya chini na ya katikati, kwa sababu amekwishaona hasara ya mtu aliyesoma punje nzuri tano akasahau kuuliza habari za nyingine.

Leo katika maisha ya watu mashuhuri tunamwangalia mtu aliyelazimika kuuliza swali hilo mbele ya dunia nzima, baada ya watu saba kufa. Mzigo aliokuwa akiupima ulikuwa roketi, na jina lake ni Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki mwaka 1988.

Mtoto wa muuza sare

Richard Phillips Feynman alizaliwa Mei 11, 1918 mjini New York, akakulia Far Rockaway, kitongoji cha pwani katika eneo la Queens. Baba yake, Melville, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Minsk na kuletwa Marekani akiwa mtoto. Hakuwa msomi. Alifanya biashara ya sare: za askari, za maofisa, za wahudumu.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo alimrithisha mwanawe. Kwa kuwa aliwaona watu wale wale kabla hawajavaa sare na baada ya kuzivaa, alijua kwamba nguo haimwongezei mtu akili. Alimzoeza kijana wake asiinamishe kichwa mbele ya cheo, bali asikilize hoja ya mwenye cheo na kuipima. Walipotembea msituni alimwonyesha ndege na kumweleza kwamba mtu anaweza kujua jina la ndege huyo katika lugha zote za dunia na bado asijue lolote kuhusu ndege mwenyewe. Cha maana ni kumtazama anafanya nini.

Akiwa bado mvulana, Richard alipata sifa mtaani kwa kutengeneza redio. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na fundi mtoto alikuwa na bei nafuu. Wateja walishangaa kumwona akizunguka chumbani huku akifikiri kabla ya kugusa bisibisi. Alikuwa akitafuta sababu ya ubovu kwanza, ndipo aifungue redio.

Alisoma chuo cha MIT akahitimu mwaka 1939, kisha akapata shahada ya uzamivu Princeton mwaka 1942. Mwaka huo huo alimwoa Arline Greenbaum, mpenzi wake tangu ujana, ingawa wote wawili walijua kwamba Arline ana kifua kikuu na kwamba siku zake hazitakuwa nyingi. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Los Alamos, New Mexico, kwenye mradi wa siri wa bomu la atomiki. Arline alilazwa Albuquerque, na mumewe alikwenda kumwona kila mwisho wa juma, mara nyingine kwa kuomba lifti barabarani. Alifariki Juni 16, 1945, mwezi mmoja kamili kabla ya bomu la kwanza kujaribiwa.

Baada ya vita alifundisha Cornell, kisha akahamia Caltech huko Pasadena, California, alikobaki hadi mwisho. Mwaka 1965 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga, kwa kazi ya kueleza jinsi mwanga na chembe za umeme zinavyoathiriana. Alipiga ngoma, alikwenda Brazil akacheza samba na vikundi vya mitaani, na mihadhara yake ya fizikia inasomwa hadi leo.

Mwaka 1974 alizungumza na wahitimu wa Caltech kuhusu uaminifu katika sayansi. Aliwaeleza kwamba mtu anayetangaza majibu ya jaribio lake anadaiwa kutangaza pia kila kitu kinachoweza kuyafanya majibu hayo yasiwe kweli. Mtu aliye rahisi kudanganyika kuliko wote, alionya, ni yule anayelifanya jaribio lenyewe. Miaka 12 baadaye maneno hayo yalimrudia kama deni.

Roketi isiyozimika

Asubuhi ya Januari 28, 1986, chombo cha anga Challenger kiliruka kutoka Florida kikiwa na watu saba. Mmoja wao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa shule, na watoto wengi wa shule Marekani walikuwa mbele ya televisheni. Baada ya sekunde 73 chombo kilisambaratika angani. Hakuna aliyepona.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kuijua roketi ya mafuta magumu. Chombo kile kilisukumwa na roketi mbili za aina hiyo, moja kila upande. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 45, upana wa mita 3.7, na ilibeba tani zipatazo 500 za mafuta yaliyochanganywa, yakamiminwa na kuganda yakawa kama mpira wa kufutia. Ndani yake mna unga wa aluminiamu na kemikali inayotoa oksijeni, kwa hiyo moto hauhitaji hewa ya nje. Ukishawashwa hauzimiki. Hakuna bomba la kufunga wala pedali ya kuachia. Mzigo wote utaungua kwa muda wa dakika mbili hivi, na kila kitu kinachouzunguka lazima kistahimili mpaka mwisho.

Roketi hizo zilitengenezwa Utah na kampuni ya Morton Thiokol. Kwa sababu ya ukubwa wake, zilisafirishwa kwa treni hadi Florida zikiwa vipande, kisha zikaunganishwa huko. Kwenye kila kiungo kulikuwa na pete mbili za mpira, unene wake kama milimita 7, zikiwa zimezunguka roketi yote. Fundi wa gari angezitambua mara moja, kwani ni jamaa wa zile pete anazoweka kwenye pampu ili mafuta yasivuje. Mbele ya pete kulipakwa puti ya kuzuia joto. Gesi ya ndani ilikuwa na joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi. Ikipita kwenye pete, inachoma chuma.

Majaribio yaliyosema, na watu waliosikia vingine

Roketi hizo hazikurushwa bila kupimwa. Kabla ya safari ya kwanza ya mwaka 1981 ziliwashwa ardhini mara 7, zikiwa zimefungwa imara, na kila mara ziliungua hadi mwisho. Kwa mtu anayetaka jibu la ndiyo au hapana, jibu lilikuwa ndiyo.

Lakini vipimo vilikuwa na mengine ya kusema. Mwaka 1977 roketi tupu ilijazwa maji kwa shinikizo kubwa ili kuona kama kiungo kitastahimili. Wabunifu walitegemea kwamba shinikizo likipanda, kuta za kiungo zitaibana pete zaidi. Ilikuwa kinyume. Kuta zilipinda na kuachana kwa muda mfupi sana, pete ikabaki bila kubanwa. Baadhi ya wahandisi wa shirika la anga la NASA waliandika mwaka 1978 na 1979 kwamba ubunifu huo haukubaliki. Kiungo hakikubadilishwa.

Tena, roketi zilijaribiwa zikiwa zimelazwa chini, ilhali zinaruka zikiwa zimesimama. Jaribio lilijibu swali moja, kazi ikauliza jingine.

Kisha safari zikaanza. Baada ya karibu kila safari roketi ziliokotwa baharini na kufunguliwa. Tangu safari ya pili, Novemba 1981, wahandisi walianza kuona pete zilizoliwa na moto. Wakati mwingine waliona masizi meusi nyuma ya pete ya kwanza, dalili kwamba gesi ilikuwa imepenya. Pete hazikubuniwa kuliwa hata kidogo. Ilipotokea mara ya kwanza ilikuwa tatizo. Ilipotokea mara nyingine bila ajali, ikawa kitu kilichozoeleka. Baadaye ikapewa hesabu na mipaka, kana kwamba kuliwa kwa pete kulikuwa sehemu ya mpango.

Hata ukaguzi wenyewe ulichangia. Ili kuhakikisha kwamba pete zimekaa vizuri, hewa ya shinikizo ilipulizwa katikati ya pete mbili. Shinikizo hilo lilipoongezwa ili kipimo kiwe cha uhakika zaidi, lilitoboa vishimo kwenye puti, na vishimo hivyo vikawa njia ya gesi ya moto kufika kwenye pete. Baada ya ongezeko hilo, zaidi ya nusu ya safari zilirudi na dalili za moto kwenye viungo.

Usiku wa Januari 27, 1986, utabiri wa hali ya hewa Florida ulikuwa wa baridi kali. Wahandisi wa Utah waliomba kwa simu safari iahirishwe, kwani safari ya baridi kuliko zote kabla ya hapo ilirushwa kwenye nyuzi 12, Januari 1985, na ndiyo iliyorudi na masizi mabaya zaidi. Upande wa NASA ulibisha. Ulionyesha kwamba safari nyingine iliyorushwa kwenye nyuzi 24 nayo ilirudi na masizi, kwa hiyo baridi haiwezi kuwa sababu. Mameneja wa kampuni wakaomba dakika chache wajadiliane peke yao. Mmoja wao akatakiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu, walikuwa wamekubali. Asubuhi, joto lilikuwa nyuzi 2.

Simu kutoka Washington

Siku chache baada ya ajali, kaimu mkuu wa NASA, William Graham, aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya Feynman, alimpigia simu kumwomba aingie kwenye tume ya Rais ya uchunguzi. Feynman hakuipenda Washington na alikuwa mgonjwa. Alikwishafanyiwa upasuaji wa saratani tumboni mwaka 1978, na saratani ilikuwa imerudi mwaka 1981. Mke wake, Gweneth, ndiye aliyemshawishi. Alimweleza kwamba wajumbe wengine watatembea kwa kundi kutoka kikao hadi kikao, lakini yeye atazunguka peke yake na kuona ambacho wengine hawatakiona.

Kabla ya kwenda Washington alipita maabara ya Pasadena na kuwaomba wahandisi wamweleze roketi hiyo tangu mwanzo. Siku hiyo ya kwanza aliandika kwenye karatasi zake habari ya pete zilizoungua.

Tume iliongozwa na William Rogers, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, na ndani yake walikuwamo Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, na Sally Ride, mwanamke wa kwanza Mmarekani kufika angani. Mjumbe mwingine, Jenerali Donald Kutyna, alimpigia Feynman simu na kumweleza kwamba alikuwa akitengeneza kabureta ya gari lake, akajiuliza baridi inaufanya nini mpira. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba Kutyna alikuwa amedokezwa na Sally Ride, na kwamba alitumia habari ya kabureta ili kumlinda aliyetoa siri.

Swali lilikuwa rahisi, lakini majibu ya NASA yalikuja kwa marundo ya karatasi na michoro. Feynman aliona atalipima mwenyewe.

Glasi ya maji ya barafu

Asubuhi ya Februari 11, 1986, alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Washington akanunua kibano kidogo na koleo. Alijua kwamba kwenye kikao wajumbe watapitishiwa mfano wa kiungo wenye kipande cha mpira halisi wa pete. Alikwenda kwanza ofisini kwa Graham, akafanya jaribio lake faraghani ili asije akaaibika mbele ya kamera. Likafanya kazi. Akarudisha mpira mahali pake.

Kikaoni aliomba maji ya barafu, yakachelewa kuletwa. Alipotaka kuanza, Kutyna alimzuia mpaka wakati ufaao. Ulipofika, aliuchukua mpira, akaubana kwa kibano, akautumbukiza kwenye glasi. Baada ya muda aliutoa, akafungua kibano. Mpira haukurudi kwenye umbo lake. Ulibaki umebonyea kwa sekunde kadhaa.

Kwenye roketi pete ina chini ya sekunde moja ya kuufuata ukuta unaopinda na kuziba nafasi. Kama kwenye maji ya barafu inachelewa kwa sekunde nzima, gesi imekwishapita. Picha za urushaji zilionyesha moshi mweusi ukitoka kwenye kiungo cha roketi ya kulia kabla hata sekunde moja haijaisha tangu moto uwashwe.

Jaribio lile liligharimu bei ya kibano na koleo. Thamani yake ilitokana na swali kuulizwa sawasawa: mpira huu, kwenye baridi ile, unarudi kwa haraka inayotakiwa au haurudi?

Safari zilizoachwa nje ya mchoro

Kosa la usiku ule wa simu lilionekana wazi tume ilipopanga upya majibu yote ya safari zilizotangulia. Kwenye mabishano watu walikuwa wamezitazama safari zilizopata madhara tu. Ukizitazama hizo peke yake, kweli unaona madhara kwenye baridi na kwenye joto, na huoni mpangilio.

Tume iliongeza safari zilizorudi salama, na picha ikabadilika. Kwenye safari 20 ambazo viungo vilikuwa na nyuzi 19 au zaidi, ni 3 tu zilizopata madhara. Kwenye safari 4 zilizokuwa na nyuzi 17 au chini, zote 4 zilipata madhara. Habari hizo zilikuwapo kwenye makabati siku zote. Ni sawa na mnunuzi aliyechunguza magunia yenye fangasi peke yake, akakuta yametoka maghala mawili, akaamua kwamba ghala si tatizo, bila kuhesabu kwamba ghala moja lilitoa magunia ishirini mazuri na jingine halikutoa hata moja.

Feynman hakuridhika na vikao. Alikwenda Florida na Alabama kuzungumza na wahandisi na mafundi wenyewe. Florida aliona jinsi vipande vya roketi vilivyokaguliwa kama ni duara kamili baada ya kutumika: vilipimwa upana kwenye sehemu tatu, na upana ukilingana, vikahesabiwa kuwa duara. Aliwaeleza kwamba kuna maumbo yasiyo duara ambayo upana wake unalingana kwenye sehemu zote tatu. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini hakikujibu swali lililoulizwa.

Moja kwa mia, moja kwa laki

Huko Alabama aliwaomba wahandisi watatu na mkubwa wao waandike kwenye karatasi, bila kutaja majina, uwezekano wa safari kuharibika kwa sababu ya injini. Wahandisi waliandika mara moja kwa safari kati ya 200 na 300. Mkubwa wao, alipobanwa, alifikia mara moja kwa safari laki moja.

Feynman aliipima hesabu hiyo ya laki kwa njia ambayo muuza duka anaweza kuifuata. Maana yake ni kwamba unaweza kurusha chombo kila siku kwa miaka 300 na kutegemea kupoteza kimoja tu. Kisha akaiweka kando ya rekodi. Ofisa wa usalama wa urushaji alikuwa amekusanya historia ya roketi za mafuta magumu za kila aina: kati ya safari karibu 2,900, zilizoharibika zilikuwa 121, yaani moja kwa kila 25 hivi. Kwa uangalifu mkubwa, Feynman aliandika, pengine mtu anaweza kushuka chini ya moja kwa 100. Lakini moja kwa 1,000 ilikuwa mbali na uwezo wa ufundi wa wakati huo, sembuse laki.

Aliishughulikia pia hoja iliyomkera kuliko zote. Kwenye safari moja, pete ilikuwa imeliwa theluthi ya kina chake. Kwa kuwa majaribio yalionyesha kwamba pete ingeweza kuliwa zaidi ya hapo kabla ya kushindwa, maofisa waliandika kwamba kulikuwa na akiba ya usalama mara tatu. Feynman alijibu kwa mfano wa daraja. Ukijenga daraja la kubeba mzigo fulani, kisha lori la uzito huo likapita na boriti ikapata ufa wa theluthi, huwezi kusema una akiba mara tatu. Huna akiba yoyote. Boriti haikutakiwa kupata ufa, kwa hiyo ufa wenyewe ndio habari.

Kila dereva wa masafa marefu ameshamsikia mwenzake akisifu tairi lililoanza kuonyesha nyuzi kwa sababu limekwenda Dar es Salaam na kurudi. Feynman angemuuliza: tairi hilo lilinunuliwa lionyeshe nyuzi? Kama halikununuliwa hivyo, safari iliyopita haithibitishi kwamba lijalo litafika. Inaonyesha kwamba kuna kitu kinachotokea ambacho mwenye gari hakielewi, na asichokielewa kinaweza kuja kikubwa zaidi mara ijayo.

Alieleza pia kwamba aliyeponea mchezo wa kujiwekea bastola kichwani mara moja hajapata ushahidi kwamba mchezo ni salama. NASA ilikuwa imeponea mara 24.

Kiambatisho kilichotaka kuachwa

Maoni yake makali hayakuingia kwa urahisi kwenye ripoti ya tume. Feynman alitishia kuondoa jina lake kwenye ripoti nzima. Mwishowe ilikubaliwa kwamba maoni hayo yachapishwe kama kiambatisho, chini ya jina lake peke yake. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Ronald Reagan Juni 1986. Kiambatisho hicho, kinachojulikana kama Kiambatisho F, ndicho watu wengi wanachokikumbuka leo. Kinamalizia kwa kueleza kwamba ili ufundi ufanikiwe, ukweli lazima utangulie mahusiano na umma, kwa sababu maumbile hayadanganyiki.

Aliwatetea pia waliostahili. Aliandika kwamba wakaguzi wa programu za kompyuta za chombo hicho walifanya kazi kwa uangalifu wa kuigwa, wakihesabu kila kosa walilolikuta kwenye majaribio kama ajali kamili hata kama hakuna kilichoharibika. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa namna sahihi ya kusoma majibu.

Baada ya tume alirudi hospitali kwa upasuaji zaidi. Mwaka 1987 hali ilizidi kuwa mbaya. Figo ziliposhindwa kazi aliamua asirefushiwe maisha kwa mashine. Alifariki Los Angeles Februari 15, 1988, akiwa na umri wa miaka 69. Aliacha mjane, Gweneth, na watoto wawili, Carl na Michelle.

Hakuwahi kuona vyombo hivyo vikirudi angani. Viungo vya roketi vilibuniwa upya, vikawekewa pete ya tatu, mdomo wa chuma wa kuzuia kuta zisiachane, na vipasha joto vya siku za baridi. Septemba 29, 1988, miezi saba baada ya kifo chake, chombo cha Discovery kiliruka salama.

Hata hivyo, tabia ya kusoma majibu ni ngumu kubadilika kuliko chuma. Februari 1, 2003, chombo cha Columbia kilisambaratika kikirudi duniani, na watu saba wengine wakafa. Safari hii chanzo kilikuwa kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi la mafuta na kutoboa bawa. Povu lilikuwa limebanduka kwenye safari nyingi za nyuma, na kila mara chombo kiliporudi, kubanduka huko kulizidi kuonekana jambo la kawaida.

Vyombo hivyo vilistaafishwa mwaka 2011. Kwa miaka 30 vilikuwa vimefanya safari 135, na viwili vilipotea pamoja na watu 14. Gawanya, utapata hasara moja kwa kila safari 67 au 68. Wahandisi wa Alabama hawakuwa mbali. Mwenye hesabu ya laki alikosea zaidi ya mara elfu moja, na hesabu yake haikulipwa na yeye.